Swali la Ishirini na Sita

Mama mkubwa alifanya kazi kwenye chumba cha mafaili cha hospitali miaka ishirini na mbili, na kufikia mwisho wake waliomjua kwa jina lake ni wachache. Wauguzi, wafagizi, hata wagonjwa wa siku nyingi walimwita Bi Nani. Lilitokana na swali lake. Ukifika dirishani unataja jina, anaandika. Unataja mwaka wa kuzaliwa, anaandika. Halafu anainua macho na kuuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

Mzee wa miaka themanini, mkongojo mkononi, anaulizwa mama yake. Wengine walicheka, wengine waliudhika. Mmoja alimjibu mbele ya watu, "Mama yangu kazikwa wewe hujazaliwa, unamtakia nini?"

"Yeye simtaki, baba. Nataka jina lake tu."

Na hakunyanyuka kwenye kiti mpaka akatajiwa.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha zaidi ya lile la kuhudumia watu. Rafu za chuma zilipanda mpaka darini, mafaili elfu arobaini na ushee, mengine yamefungwa kwa kamba kwa sababu majalada yamechoka. Kila faili linapotolewa, mahali pake panawekwa kikaratasi cha kijani chenye namba, tarehe na saini ya aliyelitoa. Faili likirudi, kikaratasi kinaingizwa ndani ya jalada na kubaki humo. Ndivyo walivyofundishwa, na mama mkubwa hakuwahi kuruka hatua hata moja.

Mimi nilihamia kwake nilipoacha shule, darasa la tano. Kazi yangu ilikuwa baba mkubwa. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Kila Jumatano na Jumamosi, saa nane mchana, nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka jengo la nyuma, akalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mpaka saa kumi na mbili. Mashine ile ilikuwa kwa wenye uwezo, na sisi hatukuwa nao. Tulikuwa na kadi ya mama mkubwa ya mfanyakazi, ambayo ilimhudumia yeye na mume wake. Kadi ile ndiyo ilikuwa figo zake.

Sasa likaja tangazo. Mafaili yanaingizwa kwenye kompyuta, na makarani kumi na wanne watapunguzwa. Hawatapunguzwa kwa umri wala kwa kujuana, tangazo lilisema, watapimwa kwa mtihani wa kufikiri. Maswali thelathini. Atakayepata kumi na nane kwenda juu anabaki. Atakayekosa anaondoka mwisho wa mwezi, yeye na kadi yake.

Waligawiwa vijitabu vya mazoezi, nakala za nakala, herufi zimefifia. Miwani ya mama mkubwa ilikuwa na ufa upande mmoja, kwa hiyo msomaji nikawa mimi. Zamu yake iliisha saa nane, akitoka tu alikuja kukaa pembeni ya kitanda cha mashine, anavua viatu, ananiambia, "Haya, soma." Masaa manne yale yakawa darasa letu.

Maswali ishirini ya kwanza hayakumtisha, ingawa alikuwa anapata kama nusu tu. Yalikuwa ya kupanga namba na kutafuta umbo lisilofanana na wenzake. Yaliyomsumbua ni yale kumi ya mwisho, ya taarifa. Hayo hayataki jibu. Unapewa swali na taarifa mbili chini yake, na unatakiwa useme kama zinatosha kulijibu. Ya kwanza ikitosha peke yake unaandika A. Ya pili ikitosha peke yake, B. Zikitosha mpaka ziwe pamoja, C. Kila moja ikitosha yenyewe, D. Zisipotosha hata ukiziunganisha, E.

Siku ya kwanza nilimsomea: "Nani mrefu kuliko wote kati ya fundi, mpishi na dereva? Taarifa ya kwanza, fundi ni mrefu kuliko mpishi. Taarifa ya pili, dereva ni mfupi kuliko mpishi."

Alifikiri kidogo. "E."

"Mama mkubwa, nyuma hapa wameandika C."

"C vipi? Kawapima nani? Huyo mpishi kapimwa na viatu au bila viatu?"

Baba mkubwa, mirija miwili ya damu imemtoka mkononi, akaanza kucheka mpaka mashine ikalia. Muuguzi akaja mbio. "Baba, cheka taratibu, unanitoa roho."

"Mwambie huyu. Anataka kumvua mtu wa kwenye karatasi viatu."

Tuliendelea. Kila swali alijibu E. Nilimsomea, "Leo ni siku gani? Moja, juzi ilikuwa Jumatatu. Mbili, kesho si Jumapili."

"Leo Jumatano," alidakia baba mkubwa. "Mimi sihitaji taarifa zenu, nipo kwenye mashine."

"Hawaulizi siku, baba mkubwa. Wanauliza kama zinatosha."

"Mimi kwangu imetosha."

Mama mkubwa akasema, "E. Huyo aliyesema juzi ilikuwa Jumatatu kama kasahau je? Watu wanasahau siku. Dirishani pale wananitajia hata miezi isiyokuwepo."

Alipata mbili kati ya kumi siku hiyo, kwa sababu mbili jibu lake lilikuwa E kweli. Jumamosi akapata tatu. Nilianza kuogopa. Nilikuwa naangalia ile damu inavyozunguka, inatoka nyeusi inarudi imechangamka, na yeye anaandika E, E, E kama mtu anayegonga muhuri.

Ndipo nikamuuliza, wakati baba mkubwa amepitiwa na usingizi. "Mama mkubwa, kwa nini kwako hazitoshi kamwe?"

Aliangalia kama mlango umefungwa. Halafu akaniambia jambo ambalo, nilivyoelewa, hakuwahi kumwambia mtu.

Miaka kumi na moja nyuma alifika mwanamke dirishani, ana homa, amejifunga kanga mbili. Akataja jina lake, majina yote matatu. Akataja mwaka. Mama mkubwa akaenda kwenye rafu, akakuta faili lenye majina hayo matatu na mwaka huo, akaweka kikaratasi, akasaini, akampa. Mwanamke akaenda zake kwa daktari. Faili lilikuwa safi, halina onyo lolote, akaandikiwa sindano ya penisilini. Aliondoka duniani kabla muuguzi hajamaliza kutupa bomba la sindano.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Watu walikubali. Lakini faili liliporudi kuhifadhiwa, mama mkubwa alisukuma majalada kupata nafasi, na hapo nyuma, limejibana kwenye lingine, akaona faili la pili. Majina yale yale matatu. Mwaka ule ule. Na juu ya jalada, kwa wino mwekundu, herufi kubwa: ASICHOMWE PENISILINI.

"Walikuwa wawili," akaniambia. "Tofauti yao ilikuwa mama tu. Ukurasa wa kwanza, mstari wa nne. Mimi nilisoma mpaka wa tatu."

"Ulifanyaje?"

"Nilihamishia karatasi za ile siku kwenye faili lake mwenyewe, na kikaratasi chake. Nikayarudisha yote mawili kwenye rafu. Nikafunga, nikaenda nyumbani, nikapika. Baba yako mkubwa akasema chakula kina chumvi."

Mashine ilikuwa inakoroma.

Kumbe baba mkubwa alikuwa hajalala. Alifungua jicho moja. Sijui alisikia kuanzia wapi, na hakuuliza. Alisema tu, "Mke wangu, sikiliza. Hawa watu wa kwenye karatasi hawana mama. Hawana viatu, hawana homa, hawafi. Aliyewatunga kasema fundi mrefu, basi mrefu. Usiwaulize kitu. Jifanye mjinga miezi miwili, mimi nipate damu."

Hiyo ndiyo ilimsaidia. Kila nikimsomea, alikuwa ananong'ona kwanza, "Hawana mama," halafu anajibu. Akapata tano. Akapata saba. Wiki ya mwisho alipata nane, na baba mkubwa akampigia makofi kwa mkono mmoja, ule usio na mirija.

Mtihani ulifanyika Jumatatu, bwalo la wauguzi. Aliporudi nilimuuliza ulikuwaje, akasema, "Mzuri." Akaingia kuoga. Akakaa bafuni muda mrefu kuliko maji yaliyokuwemo kwenye ndoo.

Matokeo yalibandikwa Jumatano, saa saba na nusu mchana, pamoja na majibu sahihi. Malalamiko yapelekwe kwa afisa utumishi kabla ya saa tisa na nusu siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshamfikisha baba mkubwa kwenye mashine, nikaenda ubaoni kumsomea mama mkubwa. Nilitafuta namba yake. Kumi na saba.

"Soma tena."

"Kumi na saba, mama mkubwa."

Aliweka kidole kwenye orodha ya majibu sahihi. "Nisomee ya ishirini na sita."

"C."

Akatikisa kichwa. "Nilijua wanataka C. Nilijua kabisa. Mkono ulikataa."

Swali lilikuwa hivi, alinieleza tukipanda ngazi. Watungaji walitaka maswali mengine yafanane na kazi ya hospitali. *Mgonjwa amefika dirishani. Je, faili namba 612 ni lake? Moja, jina la mgonjwa na jina lililo kwenye faili ni moja. Mbili, mwaka wake wa kuzaliwa na ulio kwenye faili ni mmoja.* Yeye aliandika E. Waliotunga wakasema zote mbili kwa pamoja zinatosha.

Afisa utumishi alikuwa kijana, mpole, shati limepigwa pasi. Alimpa kiti. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje, mlango uko wazi kwa ajili ya joto.

"Mama, majibu yameletwa na waliotunga. Mimi siyabadilishi."

"Ni kosa, mwanangu. Jina moja na mwaka mmoja wanaweza kuwa watu wawili."

"Hilo ni la kufikirika. Uwezekano huo mdogo sana."

"Swali halikuuliza udogo. Limeuliza kama inatosha."

Nilimsikia akicheka kidogo, kwa heshima. "Hapo umenibana. Lakini nitawaambia nini wenye mtihani? Kwamba karani anafikiria?"

"Nikikuletea hao watu wawili?"

"Wapo? Hapa kwetu?"

"Wapo."

"Ukiniletea kabla sijafunga hii saa tisa na nusu, napiga simu mbele yako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika nane. Mama mkubwa alitoka bila kuniangalia, akashuka. Nilimfuata mpaka mlango wa chumba cha mafaili. Alisimama katikati ya rafu, mikono imeanguka.

"Mengine yenye majina sawa hayapo?" niliuliza.

"Yatakuwepo. Kwenye elfu arobaini yatakosekanaje? Lakini ninayoyajua yalipo bila kutafuta ni haya."

"Kitoe basi kile kikaratasi."

Alinitazama kama sijui ninachosema. Labda sikujua. Akaenda rafu ya kumi na tatu, akapanda kistuli, akavuta mafaili mawili bila kusoma namba. Hakuyafungua. Tangu siku ile nimejiuliza kama alisahau, au alidhani yule kijana ataishia kwenye majalada, au alichoka. Sijapata jibu na sikumuuliza.

Afisa aliyaweka mezani ubavu kwa ubavu. Akasoma majina. Akasoma miaka. Akasema, "Hee!" kwa mshangao wa kweli, akanyanyua simu. Alizungumza na watu wa mtihani, akawasomea, akabishana nao, akasema, "Ninayo hapa, nimeyashika." Walikubali. Swali la ishirini na sita linarekebishwa, jibu ni E, alama zihesabiwe upya. Mama mkubwa kumi na nane.

Akashusha simu. "Hongera, mama."

"Asante, mwanangu." Akanyoosha mkono kuchukua mafaili.

Lakini kijana alikuwa ameanza kufunua. Ni mtu anayependa kazi yake, ndiyo maana. Alikuwa ameona maandishi mekundu juu ya jalada. Akafunua ukurasa wa mwisho, akaona AMEFARIKI, na sindano aliyochomwa. Akarudi kwenye jalada, akasoma wino mwekundu tena. Kikaratasi cha kijani kilikuwa kimeshikizwa kwa pini.

"Hiki kina namba ya hili faili jingine," alisema polepole. "Na tarehe ni ya siku aliyofariki." Akakisogeza kwenye mwanga. "Saini ya nani hii?"

Nilikuwa naiona shingo ya mama mkubwa kwa nyuma. Haikusogea.

"Yangu."

Mtu alipita koridoni akisukuma kigari cha mashuka, gurudumu moja linalia.

"Mama, ulikuja nione swali, au ulikuja nione hili?"

"Nilikuja kwa swali."

"Mimi nikishaona, siwezi kusema sijaona."

"Najua."

"Kwa nini hukusema wakati ule?"

"Niliogopa. Na sasa naogopa. Mume wangu yuko kwenye mashine hapo nyuma." Halafu akauliza, "Watu wake mtawaambia?"

"Hilo si lako tena," alisema kijana, na akavuta karatasi nyeupe akaanza kuandika.

Jioni ile tangazo jipya lilibandikwa juu ya lile la zamani. Waliofaulu waliongezeka wawili, mama mkubwa na karani wa mapokezi ambaye naye alikuwa ameandika E. Siku ya pili yule karani alikuja nyumbani kushukuru, amebeba sabuni mbili na furaha yake yote.

"Bi Nani, Mungu akuweke. Mimi ile nilibahatisha tu, wakati ulikuwa umeisha, nikaandika E mpaka chini."

"Umefanya vizuri," alimwambia mama mkubwa, akapokea sabuni.

Barua ya kwanza ilisema asimame kazi kupisha uchunguzi. Uchunguzi haukuchukua muda, maana hakukataa kitu. Barua ya pili ilisema ameachishwa, na kadi inakoma mwisho wa mwezi. Nilimsomea zote mbili mimi, mezani, baba mkubwa anasikiliza kutoka chumbani.

Tulikuwa na Jumatano moja na Jumamosi moja. Jumamosi ile muuguzi hakumchomoa baba mkubwa saa kumi na mbili. Alimwacha mpaka saa moja kasorobo bila kuandika popote, akawa anazunguka vitanda vingine kama hatuoni. Alipomtoa sindano alibana pamba kwa muda mrefu. Hakutania.

Baba mkubwa hakuongea na mama mkubwa siku tatu. Mtu aliyekuwa anacheka mpaka mashine inalia, alilala ameelekea ukutani. Siku ya nne, mama mkubwa akimvalisha shati, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chai:

"Umeniua kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa."

Mama mkubwa alifunga kifungo. Akafunga kingine.

"Ndiyo," alisema.

"Ungenyamaza na kumi na saba zako tungeondoka vile vile. Hilo najua. Mimi si mjinga." Akavuta pumzi, pumzi zilikuwa zimeanza kuwa fupi. "Lakini ungeandika C. Herufi moja. Nilikuomba ujifanye mjinga miezi miwili, ukajifanya maswali tisa."

"Ndiyo."

"Usiniitikie ndiyo ndiyo. Sema kitu."

"Nilimwona amesimama pale dirishani," alisema mama mkubwa. "Kwenye karatasi ya mtihani. Nilimwona na kanga zake mbili. Nikaona nikiandika C nimempa lile faili tena."

Baba mkubwa alifumba macho. Nilisubiri aseme amesamehe, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Hakusema. Alisema, "Mguu unaniuma, ninyanyulie," na mama mkubwa akauweka mguu ule uliovimba juu ya mapaja yake, akaanza kuukanda kwenda juu, taratibu, kama muuguzi alivyomwonyesha.

Tulijaribu hospitali nyingine, wakataka kadi. Tulijaribu kumpunguzia maji, kikombe kimoja kwa siku, alikuwa anakilamba kama mtoto. Siku ya kumi na mbili bila mashine alianza kuniita kwa jina la dada yake.

Alifariki siku ya kumi na nne, asubuhi, mama mkubwa ameshika kisigino chake. Mimi nilikuwa nje naanika shuka. Niliposikia ameacha kunung'unika nilijua, lakini nilimaliza kuanika, nikabana vibanio vyote, ndipo nikaingia.